Kwa Nini Uwanja Mkuu wa Mexico City Hauna Mti, Soko Wala Sanamu

Swali: Nimeona picha nyingi za uwanja mkuu wa Mexico City, ule unaoitwa Zócalo, na kila mara nashangaa kuona sakafu tupu ya mawe yenye bendera moja kubwa katikati, bila mti, bila sanamu, bila hata kiti cha kupumzikia. Nimesoma mahali kwamba hapo zamani palikuwa na hekalu la Waazteki, kisha soko, kisha bustani. Je, ni kweli kwamba uwanja umejengwa juu ya hekalu? Ni nani aliyeliondoa soko na bustani? Na kwa nini mji mkuu wa nchi kubwa kama Meksiko umeridhika na uwanja usio na kitu?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali hili, ambalo wengi hulipita kwa kudhani kwamba uwanja mtupu ni uwanja ambao bado haujashughulikiwa. Ukweli ni kinyume chake. Utupu wa Zócalo umetengenezwa kwa mikono ya watu, tena zaidi ya mara moja, na kwa zaidi ya karne mbili karibu kila utawala uliotaka kuonyesha kwamba umeishika nchi sawasawa umeanza kwa kuusafisha uwanja huo. Kila uliposafishwa, kulikuwa na watu waliofukuzwa pamoja na taka. Naomba unisomee ukiwa na jambo hilo akilini, kwa maana ndilo linalounganisha sehemu zote za swali lako.

Nianze na hekalu. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulianzishwa mwaka 1325 kwa mujibu wa mapokeo yao wenyewe, juu ya kisiwa katika Ziwa Texcoco, ukaunganishwa na nchi kavu kwa njia ndefu zilizojengwa juu ya matuta. Kitovu chake kilikuwa eneo takatifu lililozungushiwa ukuta, na ndani ya ukuta huo palisimama hekalu kuu lenye vihekalu viwili kileleni, kimoja cha Huitzilopochtli, mungu wa vita na jua, na kingine cha Tlaloc, mungu wa mvua. Mabaki ya hekalu hilo yapo hadi leo, lakini yako kaskazini-mashariki mwa uwanja, kando ya kanisa kuu. Zócalo yenyewe iko kusini mwa eneo takatifu. Upande wake wa mashariki palikuwa na jumba la mtawala Moctezuma wa Pili, mahali pale pale ilipo sasa Ikulu ya Taifa, na upande wa magharibi palikuwa na jumba la baba yake, Axayacatl, ambamo Hernán Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, na askari wake walipewa malazi walipoingia mjini mwezi wa Novemba 1519. Soko kubwa lililowaduwaza Wahispania halikuwa hapo, kwani lilikuwa Tlatelolco, upande wa kaskazini.

Kwa hiyo jibu la sehemu ya kwanza ni kwamba uwanja haukujengwa juu ya hekalu kuu. Ulitokea katika nafasi iliyokuwa kati ya hekalu na majumba ya watawala, na sehemu ya nafasi hiyo ilikuwa wazi tangu enzi za Waazteki. Tofauti hii si ndogo. Mara nyingi husimuliwa kwamba Wahispania walifuta kila kitu na kuanza upya, ilhali waliurithi mpangilio wa watu waliowashinda: dini upande wa kaskazini, mamlaka upande wa mashariki, na katikati nafasi ambayo wote walipaswa kuipita. Mji ulipoanguka tarehe 13 Agosti 1521, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miezi miwili na baada ya ndui kuua watu wengi mno, kazi ya kuchora mitaa mipya alipewa Alonso García Bravo, naye akazifuata njia kuu za zamani. Mawe ya mahekalu yakajengea makanisa. Cortés akajichukulia jumba la Moctezuma, na mwaka 1562 familia yake ikaliuza kwa Taji la Hispania liwe makao ya makamu wa mfalme. Wakuu wa nchi wamebadilika tangu hapo, lakini mlango wa mamlaka haujahama.

Sasa tuje kwenye soko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaoandika kuhusu Zócalo huruka kutoka kwa Cortés moja kwa moja hadi kwenye uhuru, kana kwamba miaka 300 ya katikati ilikuwa kimya. Katika miaka hiyo uwanja ulikuwa soko, na soko kwa maana kamili. Upande wa kusini ulipita mfereji wa maji ambao mitumbwi iliutumia kuleta mboga, maua, matunda na mahindi kutoka Xochimilco na Chalco, na wakulima wa Kiasili walishusha mizigo yao hatua chache tu kutoka ofisi za baraza la mji. Palikuwa na vibanda vya mbao na nyasi, mahema ya nguo kuukuu, wauza vyakula vilivyopikwa, chemchemi ya kuchotea maji, na pia mti wa kunyongea wahalifu. Baraza la mji lilikodisha nafasi hizo, na kodi ya wachuuzi ilikuwa sehemu kubwa ya mapato yake. Hii ndiyo sababu malalamiko ya matajiri kuhusu uchafu wa uwanja yalisikilizwa kwa heshima zote na bado hakuna aliyechukua hatua kwa muda mrefu.

Tarehe 8 Juni 1692, siku ya Jumapili, soko hilo liliwaka moto. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeharibu mavuno, ngano ikapata ugonjwa, mahindi yakaadimika, na wanawake wa Kiasili waliopanga foleni kwenye ghala la serikali walianza kurudi nyumbani mikono mitupu. Katika msukumano wa siku hiyo mwanamke mmoja aliangushwa na ikasemekana amekufa. Wenzake wakambeba hadi kwa askofu mkuu, wakakosa wa kuwasikiliza, wakambeba hadi kwa makamu wa mfalme, nako wakakuta milango imefungwa. Mawe yakaanza kurushwa, kisha mienge. Kufikia usiku sehemu ya ikulu, ofisi za baraza na vibanda vya uwanjani vilikuwa vinateketea, na makamu wa mfalme, Conde de Galve, alikuwa amejificha katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Fransisko. Mwanazuoni Carlos de Sigüenza y Góngora aliingia na wasaidizi wake ndani ya moto na kuziokoa hati za baraza la mji, na kwa hilo sisi wanahistoria tuna deni kwake, ingawa simulizi aliyoiandika baadaye kuhusu siku ile inawadharau Waasilia kwa namna inayouma kuisoma.

Upo mchoro mmoja ambao ningependa kila anayeuliza kuhusu uwanja huu autazame. Uliochorwa na Cristóbal de Villalpando mwaka 1695 hivi, unaonyesha uwanja mzima kutoka magharibi, volkano zikiwa nyuma kabisa. Mbele kuna mabwana na mabibi waliovaa hariri, magari ya farasi, na safu za maduka zilizonyooka. Nyuma yao wamejaa wachuuzi chini ya miavuli na vivuli vya nyasi, na mitumbwi inaonekana ikielea mferejini. Lakini tazama ikulu iliyo nyuma ya uwanja: miaka mitatu baada ya ghasia, sehemu yake bado ni gofu. Mchoraji alikusudia kuutukuza mji, na bado hakuweza kulificha kovu.

Serikali ilijibu ghasia hizo kwa namna mbili. Kwanza, baadhi ya washtakiwa waliuawa hadharani na Waasilia wakaamriwa kuhama katikati ya mji, warudi kwenye mitaa yao ya pembezoni. Pili, vibanda vilivyoungua havikurudishwa vilivyokuwa. Katika pembe ya kusini-magharibi ya uwanja lilijengwa soko la mawe lililoitwa Parián, lililopewa jina la soko la Manila, kwa sababu wafanyabiashara wake waliuza bidhaa zilizoletwa na meli kutoka Ufilipino: hariri, vyombo vya kauri, mapambo ya pembe. Ujenzi ulianza mwaka 1695 na kukamilika mwaka 1703. Ndivyo wauzaji matajiri walivyopata kuta na milango ya kufunga, na wauzaji maskini wakabaki juani, wakiweza kuondolewa siku yoyote.

Siku hiyo ilifika karibu karne moja baadaye. Makamu wa mfalme aliyetawala kati ya mwaka 1789 na 1794, Conde de Revillagigedo wa Pili, alikuwa mtu wa taa za barabarani, mifereji ya maji machafu na mitaa iliyonyooka. Aliufyeka uwanja. Vibanda vikaondolewa, mti wa kunyongea ukaondolewa, chemchemi ya zamani ikaondolewa, na wachuuzi wakahamishiwa kwenye soko jipya la Volador, kando ya ikulu. Parián peke yake ilisalimika, kwa kuwa ilikuwa na wenyewe wenye nguvu. Kisha akaagiza ardhi ishushwe na kusawazishwa ili iwekwe mawe.

Vibarua walipoanza kuchimba, ardhi iliwajibu. Tarehe 13 Agosti 1790, siku ile ile ya mwaka ambayo Tenochtitlan ilikuwa imeanguka, walifukua sanamu ya mungu mke Coatlicue, yenye urefu wa zaidi ya mita 2, shingo yake ikiwa imegeuka vichwa viwili vya nyoka vinavyotazamana, mkufu wake ukiwa wa mikono na mioyo ya watu. Tarehe 17 Desemba mwaka huo huo likafukuliwa Jiwe la Jua, bamba la duara lenye kipenyo cha takriban mita 3.6 na uzito wa takriban tani 24. Mwaka 1792 Antonio de León y Gama akachapisha uchunguzi wake juu ya mawe hayo mawili, na wengi huhesabu kazi hiyo kuwa mwanzo wa akiolojia ya Meksiko. Yaliyoyapata mawe hayo baadaye yanafundisha mengi. Jiwe la Jua, ambalo wasomi waliliona kuwa ushahidi wa elimu ya hesabu na nyota, lilipachikwa kwenye mnara wa kanisa kuu, hadharani, likakaa hapo hadi mwaka 1885 lilipohamishiwa makumbusho. Coatlicue alipelekwa chuo kikuu, lakini Waasilia walipoanza kumwendea na mishumaa na maua, wakuu wa chuo waliingiwa na hofu wakamzika tena. Alexander von Humboldt, mwanasayansi na msafiri wa Kijerumani, alipotembelea mji mwaka 1803 ilibidi aombe afukuliwe ili amwone, na alipomaliza akarudishwa ardhini.

Uwanja uliosafishwa ulihitaji mfalme wa kuutazama. Mwaka 1796 iliwekwa sanamu ya muda, ya mbao, ya Mfalme Charles IV akiwa juu ya farasi, ikazungushiwa uzio wa duara dufu wenye mageti ya chuma. Tarehe 9 Desemba 1803 nafasi yake ikachukuliwa na sanamu ya shaba nyeusi iliyofanywa na Manuel Tolsá, ambayo kwa ufundi ni miongoni mwa kazi bora za aina yake kuwahi kumiminwa katika bara lile. Ilikaa hapo miaka 20 hivi tu. Jeshi la uhuru liliingia mjini tarehe 27 Septemba 1821, na kwa nchi iliyokuwa imetoka kumkana mfalme, kumwacha mfalme mwingine juu ya farasi mbele ya ikulu kulikuwa aibu. Sanamu ikafunikwa, kisha mwaka 1824 ikafichwa katika ua wa chuo kikuu, na uzio ukavunjwa. Leo ipo katika uwanja mwingine mdogo mjini humo unaoitwa kwa jina la Tolsá, inakohifadhiwa kama kazi ya sanaa.

Jina rasmi la uwanja lina historia ya kushangaza vivyo hivyo. Plaza de la Constitución, Uwanja wa Katiba, ni jina linalotokana na Katiba ya Cádiz ya mwaka 1812, yaani katiba ya Hispania, iliyoapiwa Meksiko kabla ya uhuru. Nchi imeandika katiba zake kadhaa tangu wakati huo, ikiwamo ile ya mwaka 1917 inayotumika sasa, na jina limebaki bila kuguswa, kila kizazi kikidhani katiba inayotajwa ni ya kwake.

Parián nayo ilimalizwa kwa hatua mbili. Tarehe 4 Desemba 1828, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa rais, umati uliivamia na kuipora, ukiwa na hasira hasa kwa wafanyabiashara wa Kihispania waliokuwa bado wanaishika biashara ya rejareja. Haikuinuka tena sawasawa. Mwaka 1843 Jenerali Antonio López de Santa Anna akaamuru ibomolewe, ili katikati ya uwanja isimamishwe nguzo kubwa ya ukumbusho wa uhuru. Nguzo haikujengwa, kwani serikali haikuwa na fedha wala utulivu. Kilichopatikana ni kitako tu, na kitako hicho, ambacho kwa Kihispania huitwa zócalo, kiliupa uwanja jina ambalo watu hulitumia hadi leo. Kitako chenyewe baadaye kikapotea chini ya ardhi. Mwaka 1847, tarehe 14 Septemba, jeshi la Marekani likapandisha bendera yake juu ya Ikulu ya Taifa, mbele ya uwanja uliokusudiwa kuwa na nguzo ya uhuru.

Kuhusu bustani sitasema mengi. Miti ilipandwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, ikiwamo ile ya wakati wa Maximilian, aliyetawala kwa msaada wa majeshi ya Ufaransa kuanzia mwaka 1864 hadi alipopigwa risasi mwaka 1867. Baadaye vikaja viti vya chuma, kibanda cha bendi ya muziki na taa. Tramu zikaufanya uwanja kuwa kituo chao kikuu, kwanza zikivutwa na nyumbu na kuanzia mwaka 1900 zikienda kwa umeme. Picha za wakati huo zinapendeza, na wengi wanaouona uwanja wa leo huzitumia kama ushahidi wa kitu kizuri kilichopotea. Ni sawa kupenda kivuli. Lakini bustani ile ilikuwa mahali pa kutembea kwa adabu, na haikuuzuia uwanja kugeuka uwanja wa mauaji tarehe 9 Februari 1913, pale Jenerali Bernardo Reyes alipoongoza wapinduzi kuelekea ikulu, akapigwa risasi mbele ya mlango wake, na raia waliokuwa wakipita au wakitoka ibadani wakafa pamoja naye katika mapigano hayo.

Basi ni nani aliyeiondoa bustani? Ni dola iliyozaliwa na mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910. Dola hiyo ilikitegemea chama kimoja kilichotawala kwa miongo saba, na chama hicho kiliishi kwa mikusanyiko mikubwa ya vyama vya wafanyakazi, wakulima na watumishi wa serikali. Rais Lázaro Cárdenas alipotaifisha mafuta mwezi wa Machi 1938, umati ulioujaza uwanja kumuunga mkono ulikuwa sehemu ya nguvu yake mbele ya kampuni za kigeni. Miti na njia za tramu zinakula nafasi ya umati. Katika miaka ya 1950 vilivyobaki vya bustani viliondolewa, tramu zikahamishwa, na uwanja ukawekwa sakafu moja iliyonyooka kutoka kanisa kuu hadi majengo ya serikali ya jiji, zaidi ya hekta 4 zisizo na kizuizi. Bendera ikapewa katikati. Rais akitokea kwenye roshani ya ikulu usiku wa tarehe 15 Septemba, kupiga kengele na kutoa mwito wa uhuru, hakuna kinachomkinga asionekane na kila aliye chini. Asubuhi yake gwaride la kijeshi huanzia hapo hapo. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya utupu unaouona katika picha, na wasanifu waliosema ni kwa ajili ya kuyaachia majengo ya kale yaonekane walikuwa wanaeleza faida ya pili.

Lakini sakafu inayoweza kubeba umati wa rais inaweza kubeba umati wowote, na hilo lilidhihirika mwaka 1968. Mwezi wa Agosti wanafunzi waliandamana hadi Zócalo mara mbili, tarehe 13 na tarehe 27, wakidai wafungwa wa kisiasa waachiwe na polisi wa kutuliza ghasia wavunjwe. Katika usiku wa tarehe 27 kengele za kanisa kuu zililizwa, bendera nyekundu na nyeusi ya mgomo ikapandishwa kwenye mlingoti, na baadhi yao wakaamua kulala pale hadi serikali ikubali mazungumzo ya hadharani. Baada ya saa sita za usiku milango ya ikulu ilifunguliwa, askari na magari ya deraya yakatoka, na uwanja ukaondolewa watu. Kesho yake serikali iliwasafirisha watumishi wake hadi uwanjani kwa sherehe ya kuitakasa bendera ya taifa. Wengi wa watumishi hao hawakutaka kuwapo, wakaanza kulia kama kondoo ili kila mtu ajue wameletwa kwa amri, na askari wakalazimika kuufyeka uwanja mara ya pili ndani ya saa 24, safari hii dhidi ya wafanyakazi wa serikali yenyewe. Majuma matano baadaye, tarehe 2 Oktoba, wanafunzi waliuawa katika uwanja mwingine, Tlatelolco.

Ninalikazia tukio hili kwa sababu ndilo lililogeuza maana ya uwanja. Kabla yake, kuujaza ulikuwa uwezo wa chama tawala. Baada yake, kila aliyekuwa na dai zito alijua mahali pa kulipeleka. Tarehe 11 Machi 2001 Wazapatista, waasi wanaotetea haki za Waasilia, walifika hapo baada ya safari ndefu kutoka Chiapas, jimbo la kusini mwa nchi. Mwaka 2006 wafuasi wa Andrés Manuel López Obrador, waliokuwa wakipinga matokeo ya uchaguzi wa rais, walipiga kambi uwanjani na katika barabara zinazoelekea huko tangu mwisho wa Julai hadi katikati ya Septemba, na Rais Vicente Fox akaenda kutoa mwito wa uhuru katika mji wa Dolores Hidalgo. Septemba 2013 kambi ya walimu waliokuwa wakipinga mageuzi ya elimu ilivunjwa na polisi siku mbili kabla ya sherehe hizo hizo. Utaona kwamba tarehe ya kuusafisha uwanja hupangwa na kalenda ya serikali, kama ilivyokuwa nyakati za Revillagigedo.

Wachuuzi hawakuacha kurudi. Mwaka 1993 biashara ya barabarani ilipigwa marufuku katika kitovu cha kale cha mji, ambacho tangu mwaka 1987 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Marufuku hiyo haikushika, na mwezi wa Oktoba 2007 serikali ya jiji ikawaondoa kwa maelfu. Wengine walipewa nafasi ndani ya majengo, wengine wanaendelea kutandika bidhaa zao juu ya kitambaa chenye kamba kwenye ncha nne, ili polisi akitokea wavute kamba na kuondoka na duka lote mgongoni. Watu hawa ni warithi wa wale waliokuwa wakishuka kwenye mitumbwi, na kwa maoni yangu historia yoyote ya Zócalo inayowataja kama kero tu imeandikwa ikiwa imesimama kwenye roshani.

Umeuliza kwa nini mji umeridhika na uwanja usio na kitu. Nadhani sasa unaona kwamba haujawahi kukosa kitu kwa muda mrefu. Kila Oktoba huwa na maonyesho ya vitabu, huwekwa altare kubwa za Siku ya Wafu, hufanyika matamasha ya bure, na Desemba 2007 paliwekwa hata uwanja wa barafu wa kuteleza. Mwezi wa Agosti 2021, miaka 500 baada ya Tenochtitlan kuanguka, ulisimamishwa hapo mfano mkubwa wa hekalu kuu. Vyote hivi huja na kuondoka, na vinaweza kuja kwa sababu hakuna kilichojengwa kudumu. Chini yake, tangu mwaka 1970, kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi, kwa hiyo mtu wa mtaa wa mbali kabisa hufika katikati ya uwanja kwa nauli ile ile anayolipa kwenda kazini.

Mapendekezo ya kurudisha miti hujitokeza mara kwa mara, na joto la miji linavyozidi yatazidi kupata wafuasi. Mimi ningekubali miti kwenye kingo, hasa upande wa magharibi wenye maduka ya vito na upande wa kusini, ambako wazee na wenye watoto husubiri juani kwa saa nyingi. Katikati ningepaacha palivyo. Mahali ambapo watu laki moja wanaweza kusimama mbele ya mlango wa rais na kuonwa naye ni adimu duniani, na ukishapanda bustani hapo, ni rahisi sana kuizungushia uzio kwa jina la kulinda maua.

Uzio ndio unaonitia wasiwasi kuliko ukosefu wa kivuli. Kabla ya maandamano ya wanawake ya tarehe 8 Machi 2021, serikali iliizungushia Ikulu ya Taifa ukuta mrefu wa mabati. Wanawake walifika mapema na rangi nyeupe, wakaandika juu ya mabati hayo majina ya wanawake waliouawa, safu baada ya safu, kisha wakachomeka maua kwenye mianya. Mabati ya namna hiyo yamewekwa tena katika maandamano mengine tangu wakati huo, na yakizoeleka yatafanya kile ambacho Parián, sanamu ya mfalme na bustani havikuweza kufanya, yaani kuutenga uwanja na mlango wa ikulu ambao ndio sababu ya watu kuuendea.

Ukibahatika kufika, kumbuka pia kwamba mji huu umetitia, sehemu za kitovu chake zaidi ya mita 7 katika karne ya 20, kwa sababu ya kusukumwa kwa maji kutoka chini ya ardhi iliyokuwa ziwa, na ndiyo maana majengo yanayouzunguka uwanja yameinama kila moja kwa namna yake. Tembea kona ya kaskazini-mashariki uone mabaki ya hekalu, yaliyofukuliwa baada ya wafanyakazi wa umeme kugonga jiwe la mungu mke Coyolxauhqui tarehe 21 Februari 1978, mradi ulioongozwa na mwanaakiolojia Eduardo Matos Moctezuma. Na kama utajiuliza kile kitako cha Santa Anna kilikwenda wapi, kilikuwapo muda wote: mwaka 2017, sakafu ya uwanja ilipokuwa ikitengenezwa upya, wanaakiolojia walikikuta, msingi wa duara uliokuwa umefunikwa chini kidogo tu ya nyayo za watu.